Msimu wa Mapacha

Ambwene Mwasyoge aliingia chumba cha mikutano akiwa bado na vumbi la mazoezi magotini, na hakujipangusa. Alitaka Bwana Mwaihojo alione.

Mwaihojo, mwenyekiti wa Klabu ya Radi ya Mbeya, aliliona na akajifanya hakuliona. Alikuwa mtu wa maghala ya baridi, msafirishaji wa maparachichi, aliyezoea kupanga vitu kwa ubora na kuvitoa mlangoni kabla havijaiva. Hata mikutano alipenda iende hivyo. Alimwonyesha Ambwene kiti, kisha akamwomba Atupele awashe skrini iliyofunika ukuta.

Radi haikuwa na meneja tangu ilipopoteza fainali ya besiboli ya Ligi ya Maziwa Makuu kule Kigali na Mwalimu Mwakisu akafukuzwa. Walioomba nafasi yake walikuwa wengi, na sasa walikuwa wamebaki watatu. Kamati ya kumchagua mmoja wao ilikuwa ndiyo hiyo iliyokaa pale: mwenyekiti, mhandisi Atupele Mwangoka, aliyejenga mtambo wa kuwapima waombaji, na Ambwene, mdakaji wa timu, anayechuchumaa kudaka mipira ya mrushaji, aliyechaguliwa na wachezaji wenzake awasemee.

Ukuta ukawaka. Zikatokea safu tatu za matokeo, msimu baada ya msimu, mechi baada ya mechi, za misimu ambayo haikuwahi kuchezwa katika uwanja wowote wenye nyasi.

Kazi hiyo ilianza zamani kidogo. Kila mchezaji wa Radi alikuwa akivaa chini ya jezi fulana nyembamba iliyosoma mishipa yake, pumzi yake, mapigo ya moyo na maneno yaliyomtoka. Kutokana na fulana hiyo Atupele alimjengea kila mmoja pacha ndani ya mtambo, mtu anayerusha kama yeye, anayechoka kama yeye na anayenuna kama yeye. Pacha hakujua kwamba ni pacha. Aliamka asubuhi Mbeya, akaona ukungu umekaa juu ya mlima Loleza, akanywa chai na kwenda mazoezini. Aliyeomba umeneja alivishwa kofia, akapewa timu nzima ya mapacha, akaiongoza msimu mzima. Mtambo uliziendesha haraka siku za kawaida, ukapunguza mwendo palipohitajika uamuzi.

Wachezaji walilichukua jambo hilo kwa utani. Mtu akikosa kupiga mpira mazoezini aliambiwa ampishe pacha wake. Mwingine alisema pacha wake ameoa tayari, yeye bado anakula kwa mama.

Waombaji wawili wa kwanza mapacha wao walimaliza katikati ya msimamo. Wa tatu, Festo Kyando, aliyewahi kuifundisha timu ya chuo kule Iringa na hakuna aliyemtarajia, alichukua kombe.

Mwenyekiti alisema kwa maoni yake hapakuwa na la kujadili. Waandishi wa habari walikuwa wameshaambiwa waje kabla ya jua kuzama.

Ambwene hakumsikiliza vizuri. Alikuwa akisoma safu ya Kyando kuanzia juu, taratibu, kama mtu anayetafuta jina la ndugu yake kwenye orodha ya waliofika hospitali. Alipofika kwenye fainali alirudi nyuma, kisha akaenda mbele tena. Katika kikosi cha mechi ya kirafiki iliyopangwa kufuata fainali, kwenye nafasi ya mrushaji, hapakuwa na jina la Gwakisa, mrushaji mkuu wa Radi.

“Gwakisa yuko wapi?” aliuliza.

Atupele alitazama mikono yake. “Mshipa wa bega ulikatika, kaka Ambwene. Kwenye fainali.”

“Ulikatika wakati gani?”

“Mtupo wa mwisho. Ule uliowapa kombe.”

Mwenyekiti alikohoa kidogo. “Pacha,” alisema. “Wa kweli nimemwona asubuhi kantini, anakula chapati yake ya tatu. Tusije tukaanza kuomboleza.”

Ambwene alihisi hasira ikimpanda, na kama kawaida yake haikumfanya apaze sauti. Ilimfanya aseme polepole. Alisema mtu anayemwacha mrushaji kwenye kilima cha kurushia mpaka bega linakatika ndani ya mtambo atamwacha vilevile uwanjani, kwa sababu mtambo ulijengwa ili uonyeshe hilohilo. Alisema Mwalimu Mwakisu hakumvunja mtu katika miaka yote aliyokaa, akafukuzwa kwa kumtoa Gwakisa kwenye fainali, na sasa klabu inataka kumpa kiti chake mtu aliyefanya kinyume chake na kumwita mshindi.

Mwalimu Mwakisu alikuwa na nyonga mbovu, na bado hakuna aliyemwona akituma mtu mwingine kilimani. Kila alipodhani mrushaji amechoka alitoka benchi mwenyewe, akavuka uwanja akichechemea huku wapinzani wakimzomea, akafika kwenye kile kilima kidogo cha udongo anaposimama mrushaji, akanyoosha kiganja kitupu. Hakusema kitu. Mrushaji akiweka mpira kwenye kiganja, amechoka, anatoka. Akiufumba mkononi, ilibidi aseme kwa kinywa chake, macho kwa macho na mzee, kwamba bado yupo. Warushaji wengi walikwenda pale wakiwa wamejiandaa kudanganya, wakashindwa. Timu nyingine ziliita hiyo sarakasi ya Mbeya. Kule Kigali Gwakisa aliweka mpira kwenye kiganja, akatoka, na Radi ikafungwa. Ambwene hakumsemesha Mwalimu safari nzima ya kurudi.

Mwenyekiti alimwacha amalize. Kisha alisema, bila ubaya, kwamba klabu inayoshindwa kila mwaka mwisho wake huhamishwa mji, na kwamba yeye ameshapigiwa simu na watu wa Dodoma wanaoitaka Radi. Kombe lingewanyamazisha.

“Ukiajiri dereva wa magari yako ya baridi,” Ambwene alisema, “hupigi simu kwa aliyefanya naye kazi?”

“Napiga.”

“Hawa mapacha ndio waliofanya kazi na Kyando. Msimu mzima. Umempigia nani?”

Mwenyekiti alimgeukia Atupele, naye akasema mapacha wangefutwa jioni ile. Ndivyo ligi ilivyotaka, ili timu nyingine isije ikawaiba. Hakuna aliyewahi kuwauliza chochote. Mtambo haukujengwa kwa ajili ya kuuliza.

“Nipelekeni nikamwulize mmoja,” alisema Ambwene. “Nikitoka huko nitapiga kura yangu.”

*

Kyando alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, kikombe cha chai kikipoa pembeni yake. Alikuwa mwembamba, koti lake limempwaya mabegani. Alisimama alipomwona Ambwene, akampa mkono. Ambwene aliutazama ule mkono na kupita.

“Najua unachofikiri,” Kyando alisema nyuma yake. “Wakati wa mechi mimi sikuwahi kumwona usoni. Humo uwanjani nilikuwa na sikio tu.”

“Ulikuwa na miguu pia,” Ambwene alijibu.

“Ya kwenda kilimani sikupewa.”

Ambwene hakuelewa, na hakuwa na hamu ya kuelewa. Alimfuata Atupele hadi chumba cha mtambo, kilichokuwa baridi na safi, na sauti yake kama ya mzinga wa nyuki uliofunikwa. Atupele alimkalisha, akamfunga kofia kidevuni.

Alimweleza kwamba hataingia na sura yake mwenyewe. Pacha wa Ambwene alikuwa mle ndani tayari, na watu wawili wenye sura moja wangeuvuruga msimu mzima. Angeonekana kama mkaguzi wa ligi, mzee mwenye miwani, aliyetumwa kuandika taarifa ya majeruhi. Amwulize alichotaka kumwuliza, atoke.

“Nimwambie yeye ni nani?”

“Hilo sina jibu lake,” alisema Atupele. “Nililikwepa tangu nilipoanza.”

Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuongeza neno. Akabonyeza.

*

Mwanga ulikuwa wa Mbeya kabisa, ule wa baada ya mvua, na hilo lilimuudhi Ambwene kuliko kitu kingine chochote. Mtambo haukuwa umesahau hata harufu ya nyasi mbichi.

Gwakisa alikuwa peke yake kwenye chumba cha tiba chini ya jukwaa, kifua wazi, mkono wa kulia umefungwa ubavuni kwa kitambaa. Alikuwa Gwakisa yuleyule, shingo nene, kovu la utotoni juu ya jicho, miguu mirefu isiyojua pa kukaa. Kutoka nje zilisikika honi na matarumbeta. Alipomwona mkaguzi alijaribu kusimama, akaketi tena.

“Karibu, mzee. Kama umekuja kuniuliza kama nitapona, daktari amekutangulia. Kasema nifungue duka.”

Ambwene aliketi kwenye kigoda. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya kizee, ya kukwaruza. Alisema amekuja kuuliza juu ya meneja. Ligi ilitaka kujua kama Bwana Kyando alimlazimisha kuendelea huku ameumia.

Gwakisa alifikiri. Siku zote alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, na wapinzani waliodhani huo ni uzito wa akili walijuta.

“Meneja hakuwahi kuja kilimani,” alisema. “Msimu mzima. Zamani tulikuwa na mzee wetu, alikuwa anakuja. Sasa hivi sijui sheria ilibadilika lini. Hakuna aliyetuambia. Ukitaka kuuliza, unasahau ulitaka kuuliza nini.”

“Sasa aliwaongozaje?”

“Redio.” Aligusa sikio. “Wote tunavaa. Lakini sisi warushaji ni za kusikilizia tu. Ya kusemea anayo mdakaji. Meneja anauliza, mdakaji anajibu, mimi nasikia wanavyonijadili. Kama ng'ombe mnadani.” Akacheka kidogo, bega likamkatiza.

Ambwene alimwuliza, kwenye fainali, meneja alisema nini.

“Aliuliza. Huyu bwana anauliza sana, simsingizii. Bega lilianza kuchoma mapema, nikaanza kuliburuza, yeye huko aliko akahisi mitupo imepoa. Akauliza, mkono wake vipi? Ambwene akajibu, bado yupo. Baadaye akauliza tena. Bado yupo. Mara ya mwisho, tumebakiza mpigaji mmoja tu wa kumtoa, akauliza, una hakika? Maana ukisema hapana, namtoa sasa hivi.”

Matarumbeta yalikuwa yakikaribia. Ambwene alitazama sakafu.

“Nikamtikisia kichwa,” Gwakisa aliendelea. “Yeye kachuchumaa pale mbele yangu, ananitazama kupitia yale madirisha ya barakoa yake. Nikatikisa hivi. Akanitazama vizuri kabisa. Halafu akasema, bado yupo, meneja. Niachie.”

“Pengine alidhani unakataa mtupo,” alisema Ambwene. Aliisikia sauti yake ya kizee ikiomba. “Mrushaji akitikisa kichwa, si maana yake anataka mdakaji achague mtupo mwingine?”

Gwakisa alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni wa mchezo.

“Mzee, huyu amenidaka tangu tuko timu ya vijana. Anajua kichwa kipi ni cha mtupo na kipi ni cha bega. Mke wangu hajui. Yeye anajua.”

Gari lilipita nje ya dirisha dogo lililokuwa juu, kwenye usawa wa barabara. Ambwene aligeuka. Lilikuwa lori lililopambwa kwa vitambaa vya njano, limejaa wachezaji, na mbele kabisa, ameegemea kichwa cha lori, alikuwa amesimama yeye. Alikuwa na kombe. Alikuwa amelinyanyua juu kwa mikono miwili na mdomo wake ulikuwa wazi kabisa kwa kicheko, na katika uso ule Ambwene hakuona hata kitu kimoja asichokijua. Alitafuta. Angefurahi kukiona kitu kigeni.

Lori likapita.

“Hajaja kukuona?” aliuliza.

“Alinitumia salamu. Kasema kombe ni langu.” Gwakisa alitazama mkono wake uliofungwa. “Meneja alikuja. Alikaa hapo ulipokaa. Machozi yakamlenga, ikabidi mimi ndiye nimbembeleze. Mtu wa ajabu. Nyumba yake haijui, anakaa kama mtu anayeota.”

Ambwene alimwuliza lile alilokuja nalo. Kama lingekuwa chaguo lake, angekubali kucheza tena chini ya Kyando?

“Kwa meneja huyo, ndiyo,” alisema Gwakisa. “Kwa mdakaji huyo, hapana.”

Alilisema bila hasira. Ambwene angevumilia hasira.

“Utaliandika hilo?” Gwakisa aliuliza.

“Nitalisema.”

“Kwa nani?”

Ambwene alifungua mdomo. Alikuwa na jibu, na ndani ya jibu hilo mlikuwa na habari yote: kwamba hakuna duka litakalofunguliwa, kwamba jioni hii haina usiku wake. Mtu ana haki ya kuambiwa hivyo. Lakini alijijua vizuri kuliko alivyojijua alipoingia. Alijua kwamba kama angesema, angesema ili yeye mwenyewe atoke mle mwepesi, na kumwachia Gwakisa mzigo wa pili juu ya ule wa bega.

“Kwa mwenyewe,” alijibu, akasimama.

*

Atupele alimvua kofia. Ambwene aliuliza akiwa bado kitini.

“Nani alikata matembezi ya meneja?”

“Mimi,” alisema Atupele. Inaonekana lilikuwa limekaa mdomoni mwake tangu mwanzo. “Mtambo ulikuwa mzito. Kila meneja akitembea kwenda kilimani, dakika mbili nzima hakuna kinachotokea. Mpira haurushwi, hakuna anayekimbia. Nikaona ni muda mtupu. Nikaweka redio, nikafuta kumbukumbu yao ya kuuliza sababu.”

“Umekulia Mbeya hii hii. Umemwona Mwakisu akitembea tangu unavaa kaptula za shule.”

“Nilikuwa nikienda kununua karanga, kaka. Akitoka benchi, sisi wote tulikwenda kununua karanga.”

Ambwene alitaka kumkasirikia. Hasira ilikuwepo, ya kutosha watu wote wa jengo lile, lakini kila alipoitupa kwa mtu ilimrudia mkononi. Alimkumbuka Mwakisu akivuka uwanja wa Kigali na nyonga yake, huku wanamzomea. Kabla mzee hajatoka benchi alikuwa amemtazama Ambwene, kama alivyomtazama siku zote, na Ambwene akajipiga ngumi kifuani mara mbili. Ishara yao. Bado yupo. Mzee aliiona ile ishara. Akainuka na kuja hivyo hivyo.

Kwa hiyo hapakuwa na namna ya kudai kwamba pacha si yeye.

“Gwakisa wa humo anafutwa saa ngapi?”

“Nikishapata saini yenu.”

“Mponye bega kwanza.”

Atupele alimtazama. “Anafutwa, kaka Ambwene.”

“Nimesikia. Mponye kwanza.”

Atupele aliandika kitu kwa muda mrefu, akafuta, akaandika tena. Kwenye kioo kidogo cha mtambo kilichokuwa mbele yao Gwakisa alionekana akikifungua kile kitambaa, akiuzungusha mkono polepole, akiuzungusha tena haraka zaidi. Alitazama mlangoni, kama mtu anayetafuta wa kumwonyesha. Kisha alichukua mpira kwenye rafu na kuanza kuurusha ukutani, laini, akiudaka mwenyewe.

*

Mwenyekiti alisikiliza taarifa hadi mwisho bila kugusa simu yake, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Ambwene aliieleza yote. Hakuruka lori, hakuruka kichwa kilichotikiswa. Alipomaliza, Mwaihojo alishusha pumzi, na ilionekana wazi kwamba ilikuwa pumzi ya nafuu.

Alisema basi jambo limejisafisha lenyewe. Kyando hakuwa na kosa; aliuliza, akajibiwa. Hata mrushaji mwenyewe amemkubali. Kura zipigwe.

Ambwene alisema yake ni ya Kyando. Ila meneja atakwenda kilimani kwa miguu yake, na redio ya kusemea asipewe mdakaji, yeye na atakayemfuata. Liandikwe kwenye mkataba. Atupele alisema na yeye anapiga kura hiyohiyo, na kwamba hatajenga mapacha wengine. Mwenyekiti alikubali la kwanza, akasema la pili watazungumza.

Kisha aliinamia meza, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza siku ile alimwita mwanangu.

“Gwakisa asijue,” alisema. “Aliyekuambia hayupo tena baada ya jioni hii. Hakuna anayeidai habari hiyo. Mimi nawahitaji ninyi wawili msimu ujao, mkiwa mnaaminiana. Ukimwambia, umemvunja mrushaji mwingine, na huyu hana wa kumponya.”

Ubaya wa maneno hayo ni kwamba yalikuwa na akili. Ambwene aliyageuza kichwani kwa haki, upande huu na upande ule. Kisha alimwuliza mwenyekiti, kwa upole, ni nani aliyemchagua awe msemaji wa bega la Gwakisa; na alipokuwa akiuliza alitambua kwamba swali lile lilikuwa lake kwanza.

Akatia saini. Akainuka.

*

Gwakisa alikuwa bado uwanjani, peke yake kilimani, akirusha mipira kwenye wavu. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Ambwene alisimama pale anapochuchumaa siku zote, akamtazama mitupo kadhaa. Baada ya kila mtupo, kabla ya kuokota mpira mwingine, Gwakisa alikuwa akishusha mkono na kuutikisa kidogo, kama mtu anayekung'uta maji. Ambwene alijiuliza ameanza lini kufanya vile. Kisha akajijibu kwamba alijua ameanza lini.

Akaanza kutembea. Umbali ule hakuwahi kuutembea taratibu.

“Vipi, wamekupa umeneja wewe?” Gwakisa alimdhihaki alipofika. “Mbona unachechemea kama mzee?”

Ambwene alimweleza. Alimweleza akiwa amesimama, macho kwa macho, maneno kama alivyoyasikia, pamoja na yale ya mwisho. Gwakisa hakumkatiza. Uso wake ulifunga taratibu, kama duka linalofungwa mbao moja moja.

“Na mimi huyu?” aliuliza baadaye. “Kigali?”

“Nilimwambia Mwalimu bado upo.”

“Nilikutikisia kichwa?”

“Ulinitikisia.”

Gwakisa alitazama milima, ambayo haikuonekana. Alikuwa akisaga meno. Ambwene alinyoosha kiganja kitupu, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya mahali pale.

Gwakisa alikitazama kile kiganja muda mrefu.

“Linauma,” alisema hatimaye. “Tangu kabla ya Kigali. Usiku silalii upande huo.” Akaufumba mpira, vidole vikaukaza. “Lakini wewe sikupi. Huyo meneja wenu mpya ana miguu?”

“Anayo.”

“Mwambie aje mwenyewe.”

Ambwene alirudi njia ileile. Kyando alikuwa amesimama kwenye ngazi za benchi, kwenye koti lake kubwa, hajui kama ameruhusiwa kukanyaga nyasi. Ambwene alimwambia anaitwa. Hakuongeza neno, hakupunguza.

Kyando alivuka uwanja. Hakuwa mwepesi wa kutembea; alijikwaa kwenye mstari wa chokaa, akajiweka sawa, akaendelea. Alipofika kilimani alinyoosha mkono. Gwakisa aliinamisha kichwa na kuanza kusema, na alisema kwa muda mrefu, akigusa bega, akionyesha chini kuelekea benchi, kisha akigusa bega tena.

Ambwene alirudi pale anapochuchumaa, akaokota barakoa yake. Kutoka pale hakusikia hata neno moja.